Anayekitazama Kioo Ndiye Aandike Ripoti

Mwaka 2016 mjomba wangu, mkulima wa mpunga na mahindi katika kijiji kimoja kilicho njia ya Karema, mkoani Katavi, alianza kukwamwa na chakula. Mwanzoni alilalamika tu kwamba tonge la ugali halishuki sawasawa, na nyumbani wakamshauri atafune vizuri na anywe maji. Baada ya miezi miwili aliuacha ugali akala wali. Wali nao ukamshinda, akabaki na uji. Hatimaye hata uji ukawa unarudi. Alipopelekwa hospitali, mbali na nyumbani kwake, alinyweshwa uji mweupe wa bariamu akiwa amesimama mbele ya mashine ya eksirei, na kijana mmoja, mtaalamu wa eksirei, akakitazama kioo wakati bariamu ikishuka. Kisha mjomba akaambiwa arudi nyumbani angojee majibu, kwa kuwa hospitali ile haikuwa na daktari bingwa wa radiolojia na picha zilipaswa kusomwa kwingine. Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Yalisema kwamba picha hazitoshi, kipimo kirudiwe.

Nilipata nafasi ya kuzungumza na yule kijana. Alinijibu kwa adabu, lakini pia kwa uchungu: "Mwalimu, mimi niliona. Bariamu ilisimama katikati ya kifua, ikapita kama uzi, na nyingine ikamwendea kwenye koo la hewa, akakohoa. Niliona yote. Lakini kuandika si kazi yangu."

Mjomba alikuwa na saratani ya umio, na hakuishi kuumaliza mwaka. Sisemi kwamba ripoti ingemponya. Saratani hiyo aghalabu hugunduliwa ikiwa imekwisha kuenea, na ukanda wetu huu wa Afrika ya Mashariki, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, ni mojawapo ya sehemu za dunia ambazo ugonjwa huu hutokea mara nyingi. Ninachosema ni kwamba siku ile ile ya kwanza palikuwa na mtu aliyejua, na utaratibu wetu ulimkataza kusema. Wiki sita alizokaa na njaa zingeweza kutumika kumfungulia njia ya kula.

Kwa sababu hiyo napenda kuwatolea walimu na wanafunzi wa sekondari hoja ambayo kwa kawaida hujadiliwa na madaktari peke yao. Nayo ni hii: wataalamu wa eksirei wanaofanya kazi katika mikoa iliyo mbali kama Katavi wapewe masomo ya uzamili katika fluoroskopia, wasomeshwe kukifanya kipimo na pia kuiandika ripoti yake, na sheria iwatambue hivyo.

Fluoroskopia ni nini? Picha ya kawaida ya eksirei ni kama picha ya mnato: miali hupita mwilini kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kivuli cha mifupa na viungo hubaki kwenye filamu au kwenye kipokezi cha kidijitali. Katika fluoroskopia miali huendelea kupita na kivuli huonekana kikienda, mithili ya sinema. Kwa hakika njia hii ndiyo iliyotangulia. Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen aliona karatasi iliyopakwa chumvi ya bariamu na platini iking'aa gizani ingawa bomba lake la umeme lilikuwa limefunikwa. Alikuwa akitazama fluoroskopia kabla hata hajapiga picha moja ya eksirei. Kwa miaka mingi baada yake madaktari walilazimika kuvaa miwani myekundu kwa muda wa nusu saa hivi ili macho yazoee giza, ndipo waweze kukiona kioo kilichong'aa kwa unyonge. Kifaa cha kukuza mwanga huo kilipoenea katika miaka ya 1950, taa za chumbani zikaweza kuwashwa tena.

Ubora wa njia hii unatokana na mwendo. Umio ni mrija wa misuli unaosukuma chakula kwa mawimbi, na wimbi halipigwi picha ya mnato. Chukua mfano wa kipimo cha mirija ya uzazi, ambacho huwahusu wanawake wengi wanaotafuta mtoto. Dawa inayoonekana kwa eksirei huingizwa kupitia mlango wa kizazi, ikajaza mji wa mimba, ikapita katika mirija miwili na kumwagikia tumboni. Ikimwagika, mirija iko wazi. Lakini mara nyingine misuli iliyo kwenye mwanzo wa mrija hukaza kwa sababu ya maumivu au hofu, na dawa husimama kana kwamba pameziba. Mtu aliyesimama mbele ya kioo, kama amefundishwa, atangoja, atamtuliza mama, atajaribu tena polepole, na baada ya dakika chache ataona dawa ikipita. Anayeletewa picha mbili za mnato baada ya wiki kadhaa ataandika "mrija umeziba". Wote tunafahamu neno hilo linaweza kumfanyia nini mwanamke katika ndoa yake.

Hapa ndipo ulipo uzito wa hoja yangu. Katika picha ya kifua au ya mfupa uliovunjika, mpigaji na msomaji wanaweza kuwa watu wawili walio mbali, na hapatapotea kitu kikubwa, maana ushahidi wote umo katika picha. Katika fluoroskopia sehemu kubwa ya ushahidi hutokea na kutoweka, na kila kinachoonekana hudai uamuzi papo hapo. Mgonjwa akikohoa mara anapomeza, je, bariamu inaingia katika koo la hewa kwa juu, au kuna tundu kati ya umio na njia ya hewa? Kama inashukiwa kwamba umio umetoboka, bariamu haifai, kwa kuwa ikivuja kifuani huleta madhara. Itatumika dawa inayoyeyuka majini. Lakini baadhi ya dawa hizo, zikiingia mapafuni, hujaza mapafu maji na zinaweza kuua. Uamuzi huo haungojei barua. Unafanywa na mtu aliyekanyaga pedali, akitaka asitake. Kumpa mtu wajibu wa kuamua, kisha kumnyima elimu ya uamuzi huo na haki ya kuuandika, naona ni kinyume cha akili.

Kuna sababu nyingine ya kutaka elimu ya juu, nayo ni hatari ya mionzi yenyewe. Wanafunzi wa fizikia wafanye hesabu hii. Picha moja ya kifua yaweza kupigwa kwa mkondo wa miliampea 200 kwa sekunde 0.02, zidisha, utapata 4. Fluoroskopia hutumia mkondo mdogo sana, tuseme miliampea 3, na asiyejua hudhani basi haina neno. Lakini mguu ukikaa juu ya pedali kwa dakika 5, yaani sekunde 300, jawabu ni 900, mara 225 ya lile la kwanza. Dozi halisi haifuati hesabu hii moja kwa moja, kwa sababu upana wa miali, nguvu ya umeme, na kuchujwa kwa miali hutofautiana. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba adui ni muda. Mashine za siku hizi hutoa miali kwa vipande badala ya kuiachia mfululizo, na huweka taswira ya mwisho ikae kiooni ili mtu aondoe mguu na kuifikiria. Vifaa hivyo havimsaidii mtu asiyejua kuvitumia.

Na anayeumia si mgonjwa tu. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, ambaye kazi yake ilikuwa kujaribu vioo vya fluoroskopia kwa mikono yake mwenyewe, alikatwa mikono na hatimaye akafa mwaka 1904. Leo kiwango cha juu kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilipendekeza kiwango cha lenzi ya jicho kishushwe kutoka milisivati 150 hadi 20, baada ya kuonekana kwamba mtoto wa jicho huweza kuletwa na dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Mtaalamu akirudi nyuma kutoka nusu mita hadi mita moja kutoka kwa mgonjwa, mionzi inayotawanyika hadi alipo hupungua kufikia karibu robo yake. Hiyo ni kanuni ya kinyume cha mraba wa umbali, ambayo mwalimu huiandika ubaoni na darasa huinakili bila kuuliza inamlinda nani.

Nikitaja kinga siwezi kuisahau Mpanda yenyewe. Reli inayotoka Kaliua hadi Mpanda, kiasi cha kilomita 210, haikujengwa kwa ajili ya mpunga wala abiria. Ililetwa na wakoloni karibu na mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi wa risasi, na risasi ndiyo madini yaliyomo katika aproni nzito anayoivaa mtaalamu wa eksirei. Risasi ya Mpanda ilipakiwa mabehewani ikaenda ng'ambo, mgodi ukafungwa, reli ikabaki. Sina haja ya kuyavuta mambo haya zaidi. Niliyakumbuka tu siku moja nikiwa ndani ya behewa la daraja la tatu, na bahasha ya picha za mjomba magotini.

Katavi ilifanywa mkoa mwaka 2012, ikimegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 564,604. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Mkoa umeongezeka maradufu katika miaka kumi. Hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mbeya iko mbali kwa zaidi ya kilomita 500 kwa njia ya Sumbawanga na Tunduma. Bugando, Mwanza, nayo si karibu. Ni kweli kwamba barabara ya lami ya kwenda Tabora imefupisha mwendo, na kwamba serikali haikulala: fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 zilizotangazwa mwaka 2021 zilihusisha pia ununuzi wa mashine za CT na za eksirei za kidijitali kwa hospitali za umma. Nazipongeza juhudi hizo. Lakini mashine hununuliwa kwa mwaka mmoja, na daktari bingwa wa radiolojia huhitaji miaka mitano ya udaktari, mmoja wa mazoezi, na mitatu au zaidi ya ubingwa. Kisha, akiwa amehitimu, Dar es Salaam, Arusha na nchi za nje zote humwita kwa mkupuo. Anayebaki Mpanda, aliyeoa na kujenga Mpanda, ni mtaalamu wa eksirei.

Je, ni jambo geni kumpa mtu wa kada ya kati kazi ya daktari? Nchi hii ilikwisha kulijibu swali hilo. Tangu mwaka 1963 Tanganyika ilianza kuwasomesha madaktari wasaidizi, na kwa miongo mingi hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya operesheni za uzazi katika hospitali za wilaya. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliochunguza operesheni kubwa za uzazi zaidi ya 1,000 katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, huyu wa pili akiwa jirani wa Katavi. Haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo ya madaktari wasaidizi na yale ya madaktari wenye shahada. Ikiwa tuliweza kumwamini mtu kwa kisu na tumbo la mama mjamzito, tunaogopa nini katika kalamu?

Uingereza, nilikosomea shahada ya uzamivu, walipita njia ndefu. Hapo mwanzo watu wasio madaktari walikuwa wakizisoma picha zao wenyewe. Katika miaka ya 1920 jambo hilo likapigwa marufuku, madaktari wakajihifadhia. Mwaka 1971 daktari mmoja aitwaye Swinburne aliandika katika jarida la The Lancet akipendekeza wapiga picha wafundishwe kutenganisha picha zenye kasoro na zisizo na kasoro, hakusikilizwa upesi. Katika miaka ya 1990 ndipo vyuo vilipoanza masomo ya uzamili ya kuandika ripoti, na vipimo vya bariamu vikaanza kufanywa na kusomwa na wataalamu wa eksirei. Mimi mwenyewe nilimwona mama mmoja wa makamo akikitazama kioo, akisimamisha, akiamua, akiandika, na daktari bingwa akimpigia simu kumwomba maelezo. Waingereza walifanya hivyo kwa sababu madaktari wao walielemewa. Sisi hatuna hata wa kuelemewa.

Najua nitakavyojibiwa. Baadhi ya wenzangu watasema kwamba endoskopia, yaani kuingiza kamera kooni, ndiyo kipimo sahihi cha umio, kwa kuwa huweza kuchukua kipande cha nyama kikapimwe. Ni kweli, na pale ilipo itumike. Lakini pale umio ulipobana kiasi cha kuzuia kamera, ni bariamu inayoonyesha kilichoko chini; mtoto aliyekunywa magadi makali ya kutengenezea sabuni, akapata makovu, huhitaji ramani ya makovu hayo; na mwanamume aliyepondeka nyonga katika ajali ya bodaboda, mrija wake wa mkojo hauchunguzwi kwa kamera ya kooni. Wengine watasema picha zitumwe kwa intaneti zisomwe Dar es Salaam au Mwanza. Zitumwe! Mimi nazitaka zitumwe, tena mfululizo mzima wa mwendo na si vipande, ili daktari bingwa aweze kulinganisha alichokiona yeye na alichoandika mtu wa Mpanda. Hiyo itakuwa shule bora kuliko darasa. Ila intaneti haiwezi kuondoa mguu juu ya pedali, wala kumwambia mama apumue.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni ya makosa. Ripoti isemayo kuna ugonjwa ambao haupo humsumbua mtu kwa safari na gharama; ripoti isemayo hapana ugonjwa, nao upo, humrudisha nyumbani akafe. Mtaalamu aliyesoma nusu nusu atayafanya yote mawili, na atayafanya kwa ujasiri. Ndiyo maana siungi mkono semina za wiki mbili zenye posho na cheti cha kuhudhuria. Nataka masomo ya uzamili yasiyopungua mwaka mmoja na nusu, kwa mtu mwenye shahada na uzoefu wa kazi wa miaka kadhaa. Anatomia na ugonjwa visomwe upya kwa kina, fizikia ya dozi isomwe kwa hesabu, na uandishi wa ripoti uwe somo kamili. Ripoti isemayo "umio umebana" haimfai daktari wa upasuaji. Anataka kujua ni wapi, kwa urefu gani, kingo zikoje, juu yake pametanuka kiasi gani, bariamu ilipita au haikupita, na ikiwa iliingia mapafuni. Mwanafunzi asipewe stashahada kabla hajafanya vipimo visivyopungua mia moja, kila ripoti yake ikiwekwa kando ya ile ya daktari bingwa na tofauti zikihesabiwa waziwazi. Akizidi makosa, arudie.

Asomee wapi? Muhimbili, KCMC au Bugando panafaa, maana ndipo walipo mabingwa. Lakini asihamishwe Mpanda kwa miaka miwili, kwa kuwa tukimhamisha tumempoteza. Aende chuoni kwa wiki nne, arudi kazini kwa miezi mitatu na daftari lake la vipimo, aende tena. Masomo ya namna hiyo yana gharama ya nauli, na nauli ni nafuu kuliko kumtafuta mtu mwingine.

Sheria nayo irekebishwe kwa maneno ya wazi. Sheria ya wataalamu wa radiolojia ya mwaka 2007 iliunda baraza la kuwasajili, na Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 inasimamia mionzi kupitia Tume ya Nguvu za Atomiki. Ningependa baraza liweke daftari la pili kwa wale waliohitimu uzamili, likieleza vipimo ambavyo kila mmoja anaruhusiwa kuviandikia ripoti kwa sahihi yake, na ni nani anayekagua kazi yake kila mwaka. Sahihi yenye jina ina wajibu. Atakayekosea aulizwe yeye, na mshahara wake ulingane na wajibu huo. Asipolipwa, atakwenda kuuza vipimo mjini, na sitamlaumu.

Tusianze na kila kitu. Tuanze na umio, mirija ya uzazi, na mrija wa mkojo wa wanaume, kwa sababu vipimo hivyo ni vifupi, dozi yake si kubwa, na wagonjwa wake wako Katavi leo. Kipimo cha utumbo mpana, chenye dozi kubwa zaidi na mitego mingi ya kusoma, kingoje kundi la pili.